Kabla hujabadilisha IP ya nyumbani, ujue ni ipi

Hapa Chake Chake siku hizi intaneti ya nyumbani ikisumbua, sababu iwe yoyote, ushauri wa mwanzo unaomtoka mtu ni "badilisha IP", yaani ile nambari ambayo kifaa kinajulikana kwayo mtandaoni. Mimi nasomesha kompyuta skuli, na mtaani kwetu Machomane wananijua kwa kazi hiyo, kwa hivyo baada ya sala ya isha hodi haziishi mlangoni. Mmoja intaneti yake nzito. Mwengine kafungiwa tovuti anayofanyia kazi. Mwengine printa yake haionekani kwenye kompyuta. Mpwa wangu naye kaja usiku roho juu, kuna mtu kwenye mchezo wa simu kamwandikia "IP yako ninayo, nakujua unapokaa". Wote hao wanataka kitu kimoja: Maalim, nibadilishie IP.

Matatizo hayo manne hayana uhusiano, na mawili kati yake hata ukibadilisha IP mara mia hayaondoki.

Kilichonifanya nikae niandike ni jirani yetu mmoja, mtu mzima anayelea wajukuu wake. Alimwita fundi, akamlipa shilingi 20,000. Fundi akachomeka pini kwenye kitundu kilicho nyuma ya ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai, akaishikilia mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya, akamwambia, "Bi Mkubwa, IP mpya hiyo." Hakufika mbali, nyumba nzima haina intaneti. Kitundu kile hakina kazi ya kubadilisha IP inayoonekana nje. Kazi yake ni kufuta kila kilichoandikwa ndani ya ruta na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na kwa Bi Mkubwa kilichofutwa ni jina na nenosiri ambavyo kampuni iliviingiza siku ya kumfungia huduma. Bila ya hivyo ruta yake haitambuliwi. Ikabidi asubiri mpaka kampuni ilete mtu wake. Pesa ile ilikuwa ya matumizi ya nyumba, na wajukuu wana masomo. Inaniuma kuona mtu analipishwa kwa sababu hajaelezwa.

Basi tuelezane. Nyumbani kwako kuna anwani za IP za aina mbili, na watu wanazichanganya.

Kuna za ndani. Hizi ruta inazigawa yenyewe kwa kila kifaa kinachoingia kwenye waifai: simu ya baba, simu ya mama, televisheni, laptopu. Mara nyingi zinaanza na 192.168. Tangu 1996 kuna mafungu matatu ya nambari yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani tu: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 mpaka 172.31, na hizo za 192.168. Mtu yeyote duniani anazitumia kwake bila ya kumuomba mtu ruhusa, ndiyo maana simu yako inaweza kuwa 192.168.1.5 na simu ya mtu wa Brazil ikawa 192.168.1.5 vilevile, na hamgongani. Hazitoki nje ya nyumba.

Halafu kuna ya nje, na hiyo ndiyo inayoonwa na tovuti unayoifungua. Waliokua kabla ya simu za mkononi wanakumbuka sanduku la posta la skuli. Nyumba zetu hazikuwa na namba, njia hazikuwa na majina, kwa hivyo barua ya kutoka Oman au Dar es Salaam ilikuja kwa S.L.P. ya skuli, au ya idara anayofanyia kazi baba. Sanduku moja, watu chungu nzima. Karani analifungua, anasoma jina, anajua hii ya mwalimu fulani, hii ya mtoto wa fulani wa darasa la sita. Aliyeandika barua hajui nyumba yako iko upande gani, anachokijua ni S.L.P. tu. Ruta inafanya kazi ya karani huyo: inakumbuka simu gani imeuliza nini, na jibu likifika kwenye anwani ya nje inalikabidhi kwa aliyeuliza. Na mara nyingi kule kwenye kampuni ya intaneti yuko karani mwengine, mkubwa zaidi, aliyekusanya nyumba nyingi kwenye sanduku moja. Sasa mmoja wenu humo akiandika barua za utapeli, na posta ya kule ikaamua kwamba barua zenye S.L.P. hiyo hazipokewi tena, mmefungiwa nyote, na wewe hujaandika hata herufi moja.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa kukuonea. Nambari zenyewe zimekwisha. IPv4, mfumo wa anwani ambao majumbani kwetu ndio tunaouona, uliandikwa rasmi 1981, na hesabu yake inatoa anwani bilioni 4.3 hivi. Siku zile zilionekana hazitomalizika. Februari 2011 hazina kuu ya dunia ikagawa mafungu yake matano ya mwisho, fungu moja kwa kila shirika la kanda. La kwetu Afrika ni AFRINIC, makao yake yako Mauritius, na kampuni zetu huomba anwani huko. Mwaka uliofuata, 2012, likatengwa fungu jengine, kuanzia 100.64 mpaka 100.127, makhsusi kwa kampuni zinazoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Nambari hiyo uishike.

Dada yangu mkubwa anakaa upande wa Gombani. Anasomesha Kiswahili wageni kwa video akiwa nyumbani kwake, wanafunzi wake wengi wako Ujerumani na Marekani. Kampuni ilimfungia kisahani juu ya paa la bati, kinatazama mnara, na waya ukashuka ukapita dirishani mpaka kwenye ruta iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Alaasiri moja, mwanafunzi anamsubiri, tovuti anayopatia wanafunzi ikamkatalia kuingia. Maandishi yalisema kuna shughuli zisizo za kawaida zinazotoka kwenye mtandao wake. Akienda Google, anatakiwa achague picha za mabasi, akimaliza achague za vivuko vya wendao kwa miguu, akimaliza anarudishwa kwenye mabasi.

"Mdogo wangu, hawa wamenifuta," akanambia kwenye simu. Nilisikia sauti ya mtu anayeona riziki yake inaondoka.

Nilimuomba kwanza azime waifai kwenye simu yake, aifungue tovuti ileile kwa bando la laini. Ikafunguka, na jina lake limo, na wanafunzi wake wamo. Namsihi kila anayesoma hapa aanzie hatua hiyo, kwa sababu inakata shauri mapema. Tovuti ikifunguka kwa bando na ikikataa kwa waifai, akaunti yako ni nzima, kilichokataliwa ni anwani. Ikikataa kwa njia zote mbili, achana na habari ya IP, waandikie wenye tovuti uwaulize akaunti yako ina nini.

Nilipofika kwake tukaufungua ukurasa wa ruta. Ukiigeuza ruta utaona stika chini yake yenye anwani ya kuingilia, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini ya simu ni 192.168.8.1. Unaiandika kwenye kivinjari kama unavyoandika jina la tovuti, unaweka nenosiri, unaingia. Humo tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, na kwenye ukurasa huo tafuta mstari uliowekwa alama ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama kwa kampuni. Wa dada ulisomeka 100.71, kisha nambari nyengine mbili. Hatukubadilisha kitu, tulisoma tu. Halafu kwa waifai ileile akafungua moja ya tovuti za kuonesha IP yako, ziko nyingi za bure. Ikamuonesha nambari nyengine kabisa, inayoanza na 41, ambalo ni fungu mojawapo la AFRINIC.

Nambari ya kwenye ruta na nambari ya kwenye tovuti hazikulingana, na ya kwenye ruta inaanza na 100.71, yaani imo ndani ya lile fungu la 2012. Hapo habari imekwisha: dada yuko nyuma ya anwani ya ushirika, yaani moja ya nje inayotumiwa na wateja wengi. Angezima ruta yake mpaka asubuhi, kitakachobadilika pengine ni ile 100.71, ambayo hakuna mtu wa nje anayeiona. Ile ya 41 iko kwa kampuni, na wateja wengine wanaendelea kuitumia usiku kucha. Ukiona kwenye mstari wa WAN nambari inayoanza na 10, au na 172.16 mpaka 172.31, au na 192.168, hali yako ni hiyohiyo.

Kabla ya kupiga simu kampuni tulisafisha nyumba kwanza. Hili watu hawapendi kulisikia, maana kila mmoja anaamini mkosaji ni jirani. Huenda ni jirani kweli. Lakini ukihamia anwani mpya na uchafu uko kwako, utaichafua na hiyo. Kwenye laptopu ya mpwa wangu tulikuta VPN ya bure, yaani programu inayokupitisha kwenye mtandao wa mtu mwengine ili uonekane unatokea huko, aliyoiweka kwa ajili ya kutazamia mpira. Ziko VPN za bure ambazo malipo yake hayatoki mfukoni mwako: zinautumia mtandao wako kupitishia shughuli za watu usiowajua, na shughuli hizo zikiwa mbaya, kule zinaonekana zimetoka nyumbani kwako. Tukaitoa. Tukapitisha programu ya kukagua virusi, tukabadilisha nenosiri la ruta ambalo lilikuwa bado ni lile la kiwandani, na nenosiri la waifai ambalo nusu ya vijana wa mtaa walikuwa nalo.

Tukaangalia pia kwenye orodha ya Spamhaus. Hilo ni shirika lililoanzishwa 1998 linaloweka orodha za anwani zinazotuma barua pepe za takataka, na mtu yeyote anaweza kuandika IP yake kwenye tovuti yao akaona kama imo. Tahadhari moja hapo. Wana orodha kadhaa, na moja, iitwayo PBL, ni ya anwani za majumbani ambazo hazitakiwi kutuma barua pepe moja kwa moja bila ya kupitia kwenye seva ya barua. Kukutwa humo si kosa wala si tuhuma, anwani za nyumbani nyingi duniani zimo. Nimeona mtu akiingiwa na hofu kwa kuiona IP yake huko. Orodha za kuulizia ni zile nyengine.

Kampuni yenyewe, nisingependa kuitaja, ilitusumbua. Huduma kwa wateja walikuwa na jibu moja: zima ruta, subiri dakika tano, washa. Dada keshafanya. Akaambiwa afanye tena. Anayepokea simu pale kapewa karatasi ya kusoma na hana uwezo wa kugusa chochote, kwa hivyo sikumlaumu, lakini kampuni inayouza huduma kwa watu wanaofanyia kazi nyumbani inapaswa kuwafundisha wanaopokea simu angalau kujua kwamba anwani ya ushirika kama ya dada haibadiliki kwa kuzima ruta. Mambo yalianza kwenda pale tulipoacha kusema "intaneti haifanyi kazi" tukaandika nambari mbili zile, saa ya tukio na jina la tovuti. Ujumbe ukafika kwa mafundi wa mtandao. Wakamhamishia kwenye anwani nyengine ya nje, tovuti ikafunguka, akarudi kwa wanafunzi wake. Wakamueleza pia kwamba akitaka anwani yake peke yake, isiyobadilika, ipo kwa malipo ya ziada ya kila mwezi. Mwenyewe bado anapima.

Kama kwako nambari mbili zile zinalingana, una bahati, anwani ya nje iko kwenye ruta yako na unaweza kujaribu mwenyewe. Hapa ndipo "zima ruta" inapokuwa na maana hasa, na hata hapa watu wanaizima kwa muda mfupi mno. Anwani hiyo umekodishwa kwa muda uliopangwa na seva ya kampuni. Muda ukifika nusu, ruta yako inaomba kuongezewa, na kwa kawaida inaongezewa nambari ileile. Kama muda wa kukodi ni saa 24, ombi linakwenda baada ya saa 12. Ukizima dakika tano ukawasha, seva inaitambua ruta yako kwa ile nambari yake ya kiwandani, MAC, inaangalia daftari lake, inakuta bado unaidai anwani yako, inakurejeshea. Kwa hivyo izime muda mrefu kuliko muda wa kukodi. Usiku kucha huwa inatosha kwa kampuni nyingi, wengine inabidi wafike siku nzima. Baadhi ya ruta zina kitufe cha kuirudisha anwani kwa hiari kabla ya kuzima, na hicho kinasaidia, kwa sababu seva inajua kwamba imeachwa na inaweza kupewa mwengine.

Ruta nyingi pia zinakubali kubadilishwa MAC kwenye ukurasa wa WAN. Ukibadilisha tarakimu za mwisho na kuiwasha upya, seva inadhani ni mteja mpya, inatoa nambari nyengine. Uliza kwanza, maana ziko kampuni zinazofunga huduma kwa MAC moja, na ukiibadilisha bila ya wao kujua unajikatia intaneti mwenyewe. Andika ile ya zamani kwenye karatasi kabla ya kuigusa.

Wanaounganishwa kwa jina na nenosiri, yaani PPPoE, kwao ni wepesi zaidi: kukata muunganisho na kuunganisha tena kwenye ukurasa wa ruta mara nyingi kunaleta anwani mpya hapohapo. Hicho kitundu cha pini msikiguse.

Na wenye ruta za laini ya simu, ambao Pemba ni wengi kwa sababu waya haujafika kila mtaa, wao karibu wote wako kwenye anwani ya ushirika. Ukizima na kuwasha ruta, au ukiweka alama ya ndege kwenye simu kisha ukaitoa, unaanza muunganisho mpya na kampuni, na wakati mwengine unatokea kwenye anwani ya nje tofauti na ya mwanzo. Wakati mwengine ileile. Ni bure, jaribu, lakini hakuna wa kukuahidi.

Mpwa wangu sasa, yule wa mchezo. Kijana wa watu hakulala. Nilimkalisha nikamuonesha ni nini hasa mtu anakipata akiwa na IP yako. Tuliiandika yetu kwenye tovuti za kutafuta mahali, zikasema Dar es Salaam. Bahari nzima iko katikati! Zinasema hivyo kwa sababu mtandao wa kampuni unatokea huko, na tovuti hizo hazioni nyumba, zinakisia kwa kampuni na mji. Nikamsimulia la Kansas. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind inauza data ya mahali zilipo IP. Kwa anwani ambazo ilijua tu kwamba ziko Marekani, bila ya kujua mji, iliweka alama ya katikati ya nchi, na alama hiyo ikaangukia kwenye shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin, jimbo la Kansas. Ilipoandikwa magazetini mwaka 2016 ilijulikana kwamba anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa hapo. Kwa miaka wakaazi wa shamba lile walifuatwa na polisi, na watu wenye hasira waliotapeliwa mtandaoni, wote wamedanganywa na kialama cha kwenye ramani. Baada ya hapo kampuni ikakihamishia kialama kwenye ziwa.

Yule anayetishia kwenye mchezo ana kidogo kuliko hao, na pengine IP yenyewe hana, maana michezo mingi ya simu inapita kwenye seva ya mchezo na wachezaji hawaonani anwani. Anayeweza kuunganisha IP na jina la mteja ni kampuni ya intaneti, kwa kumbukumbu zake, na kwenye anwani ya ushirika hata kampuni inahitaji saa kamili ya tukio na namba ya mlango (port) uliotumika, yaani nambari inayotenganisha wateja walio kwenye anwani moja, IP peke yake haitoshi. Kumbukumbu hizo wanaombwa na vyombo vya sheria, si mtoto wa kwenye mchezo. Kwa hivyo sikumbadilishia kitu. Tulipiga picha ya maneno yale, tukamfungia yule mtu, tukamripoti kwenye mchezo, na mama yake akaambiwa. Mzazi mwenzangu, mtoto akija na khofu kama hii usimcheke na usimnyang'anye simu. Kaa naye.

La printa ni fupi. Pale kilichohitajika ni anwani ya ndani. Mtu aliwahi kuiandikia printa nambari kwa mkono, baadaye ruta ikaigawa nambari ileile kwa simu ya mgeni, vifaa viwili vikagongana. Dawa ni kuirudisha printa ipokee anwani yenyewe kutoka kwenye ruta, kisha kwenye ruta uitengee nambari moja isipewe mwengine. Kampuni haihusiki, fundi wa 20,000 hahusiki.

Na uzito wa intaneti? IP mpya haiongezi kasi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ilikaa na intaneti ya kusuasua. Watu walinipigia wakitaka wabadilishiwe IP. Nambari yoyote ambayo wangepewa ingepita kwenye njia zilezile zilizobaki. Intaneti ikiwa nzito, sogeza ruta kutoka nyuma ya kabati, uliza jirani wa kampuni ileile kama na kwake ni hivyo, angalia nani anapakua filamu.

Wengine watasema si utumie VPN tu, yaishe. VPN kweli inabadilisha IP inayoonekana, unatokea na ya seva yao. Ila fahamu mawili. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa kazi zao wajisajili, kwa hivyo kama unaihitaji kwa kazi halali, fuata utaratibu huo, usijitie kwenye matatizo. La pili, anwani za VPN, na hizo za bure zaidi, zinatumiwa na watu maelfu na zimefungiwa na tovuti nyingi kuliko anwani yetu yoyote. Tovuti ya dada isingemkubalia, na benki nyingi hushtuka zikiona umeingia asubuhi kutoka Pemba na jioni kutoka Uholanzi.

Uliza pia kampuni yako kama inatoa IPv6, mfumo mpya wa anwani uliokuja baada ya IPv4. Anwani za mfumo huo ni nyingi kiasi cha kila nyumba kupata zake bila ya kushirikiana, na wanaoulizwa mara nyingi ndio wanaofanya haraka.

Kwa anayekwenda kuwaandikia leo, haya maneno tuliyotumia kwa dada, badilisha palipo na mabano:

"Assalaamu alaykum. Namba ya akaunti yangu ni (…). Ruta yangu inaonesha WAN (…), na nje naonekana kwa anwani (…). Anwani hiyo ya nje imekataliwa na tovuti (…) tangu tarehe (…), saa (…). Kwa mtandao mwengine akaunti yangu inafunguka. Nimeshazima na kuwasha ruta, na vifaa vyangu nimevikagua. Naomba nihamishiwe kwenye anwani nyengine ya nje, na nielezwe bei ya mwezi ya anwani ya peke yangu. Ombi hili naomba lifikishwe kwa mafundi wa mtandao."

Omba namba ya ombi, iandike. Wakikurudishia jibu la kuzima ruta, watumie tena mstari wa WAN na uulize jina la idara itakayoushughulikia.